Waya wa Mshazari

Ukuta ulikuwa unakauka, na Inspekta Kobe alikuwa ameketi akiutazama.

Katika kazi zote za upelelezi hakuna inayofanana na uvivu kama hiyo. Alikuwa amevuta kiti cha mbao hadi katikati ya sebule, viatu kaviacha mlangoni, mikono mapajani, macho nusu wazi. Nje mvua nyepesi ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, mvua isiyo na haraka ya kwenda popote, na mwanga wa dirishani uliingia kwa ubavu ukalala juu ya lipu mpya. Mwanga wa namna hiyo ni mmbeya. Hausitiri kovu hata moja.

"Amelala?" binti wa nyumba alimnong'oneza Koplo pale mlangoni.

"Hapana, dada. Ndivyo anavyofanya kazi."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mimi namsubiri amalize."

Jina la Kobe alipewa na wenzake kituoni kwa dhihaka, kwa sababu ya mwendo wake, na yeye akalipokea kama mama wa watu apokeavyo zawadi asiyoihitaji: akashukuru, akaliweka. Mwenda pole hajikwai, husema watu. Kobe alikuwa amejikwaa mara nyingi tu maishani. Ila alikuwa na tabia ya kuinama na kukitazama kilichomkwaza.

Chini ya ukuta huo, juzi, ndipo alipokutwa amekufa baba wa nyumba, mtengeneza saa mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Saa. Alikuwa anapigilia msumari, usawa wa kifua, ili atundike saa. Msumari ukazama kwenye lipu ukakutana na waya. Alikuwa peku, na sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Mkewe, bibi ambaye macho yake yalikuwa yamebakiwa na vivuli tu, alikuwa kwenye kiti chake karibu na hapo. Aliwaambia polisi kwamba alikuwa amesinzia, hajui lolote. Polisi wakazima umeme, wakachimba kidogo pale penye msumari, wakaukuta waya umepita mshazari, mtupu, bila bomba. Wakaenda kumkamata fundi wa umeme.

Ukutani palikuwa na taa tatu za namna moja, vikombe vya kioo cheupe, kila moja na kijinyororo chake cha kuvuta. Ziliwekwa kwa ajili ya bibi, maana daktari alisema macho yake yanahitaji mwanga mkali. Fundi mwenyewe alijulikana kwa jina la Timazi, kama ule uzi wenye uzito wa kupimia wima. Hilo jina lilitokana na nyaya zake, ambazo watu waliomwita nyumbani kwao walisema zinashuka zimenyooka kuliko tabia za wengi wetu.

"Kesi nyepesi," mkuu wa kituo alikuwa amesema asubuhi. "Waya mshazari, fundi mzembe, mzee kafa. Kesho namfikisha mahakamani. Unataka nini tena, Kobe?"

"Ukuta ukauke, mkuu."

Mkuu alifunga faili. "Una leo tu," alisema, akarudi kwenye chai yake.

Kabla ya kuja hapa alikuwa amempitia fundi mahabusu. Timazi alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, vumbi la simenti bado liko kwenye nyusi.

"Waya wangu unatembea juu, karibu na dari," alisema. "Nikifika usawa wa taa nashusha wima, ndani ya bomba. Chini ya taa hakuna kitu. Hapo mtu apige misumari mpaka achoke. Kupitisha mshazari ni kutega mtego, afande. Mimi sitegi watu."

"Taa zipo tatu."

"Nimeweka mbili. Ya tatu nilimwachia mzee ndani ya boksi lake, ya akiba, moja ikipasuka. Nimewaambia wenzako wakacheka."

"Nani anaweza kukushuhudia?"

"Watu wa nyumba ile. Mimi kabla sijapiga lipu nawaita, kila mmoja anapitisha mkono wake mwenyewe pale waya ulipolala. Macho yanasahau, afande, lakini mkono una akili yake. Mzee aligusa. Bibi aligusa, nikamshika kidole nikamtembeza kutoka swichi hadi juu, mpaka nikamsimamisha kwenye kigoda. Mkwe, mume wa binti, naye aligusa. Binti alikuwa safarini."

Kobe alipogeuka kuondoka, fundi alimwita.

"Afande. Hata nikiachiwa kwa kukosa ushahidi, nani ataniita tena nyumbani kwake? Nitakuwa yule fundi aliyemuua mzee wa watu. Bora ukweli ujulikane, hata kama utakuwa mbaya kwangu."

Hayo ndiyo aliyokuwa ameyabeba kichwani alipoketi mbele ya ukuta, na mvua ikamsaidia kuyatuliza.

Mlango wa chumbani ukafunguka, bibi akatoka. Alikuwa mwembamba, kanga mbili, kiganja kimoja kikitembea ukutani usawa wa kiuno. Alikuja taratibu, kiganja kikiteleza juu ya lipu kwa sauti ndogo ya kusugua. Alipofika karibu na swichi alikinyanyua, akavuka, akakirudisha. Hapo fundi ndipo alipopandisha waya wake. Akaendelea, akalipita kabati, akaipita meza ya redio. Halafu, mahali palipokuwa pana lipu tupu, mbali na lile shimo la polisi, akakinyanyua tena. Akavuka kama avukavyo mtu dimbwi dogo. Akakirudisha, akakifikia kiti chake, akakaa.

Macho ya Kobe yalifunguka yote mawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bado upo? Ukuta umekuambia nini?"

"Bado tunasalimiana."

Bibi alicheka kwa mbali. Binti akaja akamfunika miguu kwa shuka, akamwambia amkaribishe mgeni chai, na bibi akasema mgeni asiyekunywa chai ni wa kuogopwa. Ilikuwa nyumba yenye upole mwingi. Hata huzuni yao ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole.

Kobe alisubiri bibi asinzie, kisha akasogeza kiti chake hadi ukutani, akapanda juu yake.

Juu ya taa mbili za kwanza lipu ilikuwa imekauka kwa mkanda mweupe unaoshuka kutoka darini, sawasawa, bila ufa. Juu ya kila mkanda kulikuwa na mstari wa chaki ya buluu, alama ya fundi ya kumwonyesha mtu wa rangi waya ulipopita. Juu ya taa ya tatu, ile iliyo karibu na kiti cha bibi, kulikuwa pia na mstari kutoka darini hadi kwenye taa. Lakini ulikuwa mweupe. Kobe aliukwangua kwa ukucha, kisha kwa bisibisi. Chini yake lipu ilikuwa ya zamani, ngumu, ya tangu nyumba ilipojengwa. Hakuna mfereji uliopita hapo.

"Mstari wa bure," alimwambia Koplo. "Mtu kaonyesha njia ya waya mahali ambapo hakuna waya."

"Basi waya wa taa hii unatoka wapi?"

Kobe alishuka, akalaza shavu lake karibu kabisa na ukuta, akatazama kwa ule mwanga wa ubavu. Kutoka kwenye taa ya tatu nyufa nyembamba zilishuka mshazari, zikapita kwenye shimo la polisi, zikapita pale ambapo bibi alinyanyua kiganja, zikaishia kwenye soketi kuukuu chini ya meza ya redio.

"Unaziona?"

"Naona nyufa, afande."

"Ukitindua ukuta ukataka kuziba, kwanza unalowesha mfereji kwa maji. Usipolowesha, tofali linafyonza maji ya simenti kabla haijashika, halafu inapasuka hivi. Timazi kalowesha kule juu. Huku hakuna aliyelowesha. Lete tindo."

Walifungua taratibu, Koplo akipiga na Kobe akipangusa, binti akiwa amesimama mlangoni kaziba mdomo kwa kanga. Mfereji ulikuwa mwembamba, upana wa kidole. Ndani yake kulikuwa na waya mweupe wa taa ya mezani. Kobe aliupuuza waya akayatazama mapigo ya tindo kingoni. Yalikuwa madogo, yamekaribiana, yote ya kina kimoja. Aliyeyapiga hakuwa na haraka wala nguvu, lakini mkono wake ulikuwa umetulia sana.

"Tindo la Timazi liko kituoni," alisema Koplo. "Pana hivi. Haliwezi kung'ata kidogo namna hii."

"Umeanza kunifurahisha."

"Ila mkwe ana tindo uani. Na mifuko miwili ya simenti, mmoja umebaki nusu. Nimeiona nilipokwenda, samahani, msalani."

Mkwe alirudi adhuhuri kutoka kwenye duka lake la viatu, kalowa mabega. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kujuta, na mtaa ulikuwa umeshamtaja. Inasemekana alisema mbele za watu kwamba kumwekea taa mtu asiyeona ni kumchezea kipofu ngoma ya macho. Kobe alimkalisha uani, chini ya bati, mvua ikipiga juu yao.

"Ulisema maneno hayo?"

"Nilisema." Aliinamisha kichwa. "Siku ile nilikuwa na yangu. Baba alinisikia. Alinitazama tu."

"Simenti hii ya nini?"

"Ngazi ya nyuma ilimomonyoka, nikaiziba. Tindo hilo ndilo nililotumia. Lijaribu."

Kobe alikuwa ameshalijaribu kwa macho. Lilikuwa pana kuliko la fundi.

"Mbona mifuko miwili?"

Mkwe aliitazama ile mifuko. "Baba alinituma simenti, nikaleta. Kesho yake akanituma tena, maneno yale yale, kana kwamba ndio kwanza. Nikamwambia, baba, si nimeshaleta? Akacheka, akasema alikuwa ananipima kama mimi ni mtu wa kutumwa. Nikaenda nikaleta wa pili ili kumwonyesha kwamba ni mtu wa kutumwa."

"Alikuwa na mizaha?"

"Siku za karibuni, ndiyo. Kidogo ilikuwa mizaha ya ajabu. Na ukimuuliza jambo, mama ndiye anajibu. Unamuuliza baba, umekula? Mama anasema, amekula. Tukawa tunawatania kwamba wamekuwa mtu mmoja."

"Taa ya tatu aliiweka nani?"

"Fundi, si fundi? Nilitoka asubuhi ziko mbili, nikarudi jioni ziko tatu. Nikauliza, nani kaongeza? Mama akasema, fundi."

"Mama ndiye aliyesema. Si baba."

"Mama. Baba alikuwa ameketi chini ya ile taa anaitazama, anatabasamu tu."

Kobe alifumba macho, mpaka mkwe akadhani amesinzia kweli safari hii. Kisha akamshukuru, akamwambia aende abadilishe shati asije akaugua.

Meza ya kazi ya Babu Saa ilikuwa kwenye kona ya sebule, chini ya dirisha. Saa za mkono zilikuwa zimelala wazi juu ya kitambaa, matumbo nje, nyingi kuliko mtu mmoja awezavyo kuzihudumia, kila moja imeanzwa na hakuna iliyomalizwa. Vifaa vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa. Katikati kulikuwa na kitindo chembamba cha kufungulia makasha ya saa kuukuu, na ncha yake ilikuwa na ukungu wa kijivu kama wa simenti. Kobe akakichukua, akakipeleka ukutani, akakitia kwenye pigo moja la mfereji. Kikaingia kama ufunguo kwenye kitasa chake.

Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na jiwe la shaba la saa ya ukutani limefungwa uzi, na uzi wenyewe umepakwa chaki nyeupe. Mtu alikuwa amejitengenezea timazi yake ili achore mstari.

Na ile saa aliyotaka kuitundika, iliyoanguka naye siku ya msiba, ilikuwa bado juu ya kabati, imesimama, haina kioo.

"Polisi waliandika kwamba kioo kilivunjika," alisema Kobe. "Vipande vilifagiliwa?"

"Mimi ndiye niliyefagia," alisema binti. "Sikuona kipande hata kimoja."

Kobe alivuta droo. Kioo kilikuwa humo, kizima, kimefungwa vizuri katika leso.

Binti akakishika, akakigeuza. "Alikitoa mwenyewe? Kwa nini?"

"Nyumba hii nani husoma saa kwa vidole?"

Binti alikikumbatia kile kioo. Machozi yalimtoka ghafla, akacheka humo humo. "Alikuwa na mapenzi, baba. Asubuhi ile niliporudi safari alinipokea mlangoni, akanisalimia, akaniuliza njia ilikuwaje. Nikaenda kuoga, nikatoka, akanisalimia tena upya, akaniuliza tena njia ilikuwaje. Nikasema huyu kweli kanikumbuka."

Kobe alimgusa bega, akamwomba akawashe moto wa chai. Alipokwenda jikoni, Koplo alisogea, uso umechangamka.

"Basi tumemaliza, afande. Kitindo cha mzee, mfereji wa mzee. Kajichimbia mwenyewe, kajipigilia mwenyewe. Tumfungulie fundi."

"Na mstari mweupe?"

"Wa mzee pia. Uzi ni wake."

"Fikiri taratibu. Mtu amepitisha waya mshazari kutoka kwenye soketi. Anajua uko wapi, kauzika mwenyewe. Halafu huyo huyo anachora mstari juu, kutoka darini, wa kuonyesha kwamba waya umeshuka wima kwa kanuni ya Timazi. Halafu anapiga msumari chini ya taa, mahali ambapo kwa kanuni ya Timazi ni salama kabisa. Mkuu ataniuliza hilo. Ataniambia mtu mwingine alitumia kitindo cha mzee, na mtu huyo ni fundi, alirudi siku hiyo, na shahidi ni mama mwenye nyumba aliyesema kwa mdomo wake kwamba ni fundi."

Koplo alikuna kichwa. "Aliyechimba hawezi kuwa ndiye aliyechora. Labda walikuwa wazee wawili."

Alikuwa anatania. Kobe hakucheka.

"Labda walikuwa wawili kweli," alisema. "Nenda ukakae na mkwe."

Mvua ilikuwa imepungua. Sebule ilijaa ule mwanga wa mchana uliolowa, usio na kivuli, ambao ndani yake vitu vyote huonekana kama vinakumbukwa. Kobe aliketi sakafuni karibu na kiti cha bibi. Bibi alikuwa amefumba macho, lakini vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la shuka.

"Umeamka, bibi."

"Mlivyogonga hivyo, nani angelala?"

"Fundi anapelekwa mahakamani kesho."

Vidole vilisimama. "Walisema wataongea naye tu, aende zake."

"Walikuwa wanakuliwaza. Anaweza kufungwa. Na hata asipofungwa, hataitwa tena nyumba ya mtu."

Bibi aligeuza uso ukutani. "Ana mkono wa adabu yule," alisema. "Alinishika kidole akanitembeza juu ya mabomba yake kama ananionyesha wajukuu."

"Alikutembeza kutoka swichi hadi juu. Leo nimekuona ukivuka swichi, ukanyanyua kiganja. Halafu umenyanyua tena hapa, karibu na redio, ambapo yeye hajapitisha kitu. Palikuwa lipu tupu, bibi. Nani alikutembeza kidole hapo?"

Bibi alifungua macho. Yalikuwa na utando, lakini yalikuwa mazuri.

"Wewe unajua," alisema.

"Najua mkono. Sijui kwa nini."

Kutoka jikoni sufuria ililia kidogo, kisha kukawa kimya. Bibi alishusha sauti.

"Niliapa kwamba hakuna atakayejua. Alinishika hapa," akagusa kifundo cha mkono, "akasema, mke wangu, wakijua wataanza kunisemesha kama mtoto. Watazichukua saa zangu. Nikamwambia hawatajua. Mimi sioni, yeye hakumbuki. Basi yeye akawa macho, mimi nikawa kichwa. Akiulizwa, najibu. Akisahau, namwambia ulikuwa unatania. Tuliweza, mwanangu. Tuliwaongopea wote, na tulikuwa tunacheka tukibaki wawili."

"Na taa?"

"Taa za fundi ziko mbali na kiti changu. Nilimwambia, naona ukuta umekuwa mweupe, lakini wewe bado kivuli. Siku moja watu wote wametoka, nikasikia anagonga. Tik, tik, tik. Alichimba asubuhi nzima kwa kile kitindo chake. Akanishika kidole, akanitembeza kama alivyofanya fundi, akasema gusa, usije ukasahau. Alisema hivyo. Yeye, ananiambia mimi nisisahau." Alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Akaziba. Jioni akavuta kijinyororo, akaketi pale chini yake. Na nikamwona. Uso wake wote, na ndevu hakuzichana. Miaka mingi, mwanangu. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kovu kwenye nyusi."

Kobe alisogea karibu zaidi na kiti. Alingoja.

"Akainua kichwa akaitazama taa. Akasema, nzuri hii. Nani ameiweka?"

Mvua ilikatika kabisa. Maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye bati, moja moja.

"Ukamjibu nini, bibi?"

"Fundi." Alilisema kwa pumzi tu. "Nimwambie nini? Kwamba ni wewe, asubuhi hii hii, na mikono yako bado ina vumbi? Angelia. Nikasema fundi. Mkwe akaingia akauliza, nikasema fundi. Nikalisema mpaka likawa kweli. Kesho yake akaona taa hii haina mstari kama zile mbili, akasema fundi kasahau, ngoja nimsaidie. Akachora. Nilisikia uzi ukipiga ukuta. Nikamwacha, nikaona hauna madhara."

"Na siku ile ya msumari?"

"Nilikuwa nasinzia. Hilo si uongo. Alitaka saa iwe karibu na mkono wangu. Akaniuliza, waya wa taa hii unapita wapi? Aliuliza maswali kutwa, mwanangu, yale yale, nikawa najibu hata ndani ya usingizi. Sikujua ana nyundo mkononi." Aliubana mdomo, akaendelea kwa nguvu. "Nikamjibu, fundi hupitisha juu. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Akasema, ahsante, kichwa changu."

Kobe aliinuka kwa magoti, akaushika mkono wa bibi, akaushika tu. Alikuwa na maswali ya utaratibu, na karatasi ya maelezo ndani ya mfuko, na mkuu wa kituo aliyekuwa anangoja. Vyote vilingoja.

"Lazima nikaandike," alisema hatimaye. "Ili fundi atoke. Nitaandika kwamba mzee alisahau, na kwamba hakuna aliyekusudia. Wanao watajua."

"Nilimwapia."

"Uliapa kumlinda. Sasa anayelipa ni Timazi."

Bibi aliinamisha kichwa taratibu, kukubali au kuaga, na ndipo wote wawili wakasikia pumzi mlangoni. Binti alikuwa amesimama na sinia la chai, vikombe vikigongana. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Kumbe hakunisalimia mara mbili," alisema. "Kila mara ilikuwa ya kwanza."

Aliweka sinia sakafuni, akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Bibi alipapasa nywele zake, akamwita kwa lile jina la utotoni ambalo halikuwa limetumika nyumba hiyo kwa muda mrefu. Kobe alisogea dirishani, akawapa mgongo. Alilia kidogo naye, kwa kuwa alikuwa mtu, kisha akapangusa uso akatoa karatasi.

Bibi alitoa maelezo yake yote bila kusimama, akaweka dole gumba. Koplo alipokuja kuchukua vifaa, alimkuta amenyooka kitini kama mama mwenye nyumba anayeagiza kazi.

"Mtamwona fundi leo?" bibi aliuliza.

"Sasa hivi, bibi," alisema Kobe. "Nikimkabidhi mkuu karatasi hii, fundi atalala kwake."

"Mwambie namwomba radhi. Kwake nitakwenda mwenyewe, hilo ni la mdomo wangu, lakini mtangulizie. Na akikubali kuingia tena nyumba hii, aje auondoe ule waya. Aupitishe juu, ushuke wima, ndani ya bomba, kama zile mbili. Taa asiiguse, ibaki pale pale alipoiweka mume wangu."

"Nitamwambia."

Kobe alikuwa ameshavaa kiatu kimoja bibi alipomwita tena. Alikuwa ameunyoosha mkono kuelekea ukuta uliopasuliwa, kiganja wazi, hakijagusa.

"Na kabla hajapiga lipu," alisema, "aniite nije niguse."